Kununua Mazao ya Msimu kwenye Soko la Wakulima: Maswali Yanayoulizwa Mara kwa Mara

Zao kuwa "la msimu" kuna maana gani hasa?

Zao ni la msimu pale linapovunwa wakati ambao hali ya hewa ya mahali lilipolimwa imelikomaza yenyewe, bila kuhitaji joto la kutengenezwa, safari ndefu au miezi mingi ya kukaa katika ghala la baridi. Msimu huamuliwa na mambo matatu: joto, maji na urefu wa mchana. Hilo la tatu husahaulika mara nyingi, ingawa lilielezwa kisayansi tangu mwaka 1920, pale watafiti wa Marekani W. W. Garner na H. A. Allard walipoonyesha kwamba mimea mingi hupima urefu wa mchana na usiku ili ijue wakati wa kutoa maua. Kitunguu, kwa mfano, hakianzi kujaza kichwa chake mpaka mchana ufikie urefu unaoifaa aina yake. Katika maeneo ya karibu na ikweta, ambako mchana haubadiliki sana mwaka mzima, mvua ndiyo hupanga misimu. Kadiri unavyokwenda mbali na ikweta, ndivyo joto na mwanga vinavyoshika usukani.

Ni vizuri kukumbuka pia kwamba msimu una mwanzo, kilele na mwisho. Mwanzoni mazao huwa machache na ghali, katika kilele huwa mengi na ladha yake imekamilika, na mwishoni yanaanza kupungua ubora. Mnunuzi makini hulenga kilele.

Kwa nini mazao haya huwa na ladha kuliko yale yanayopatikana mwaka mzima?

Jibu fupi ni muda. Tunda au mboga haifi inapotengwa na shina. Huendelea kupumua, na katika kupumua huko hula sukari yake yenyewe na kupoteza maji. Mahindi mabichi ndiyo mfano ulio wazi zaidi: sukari iliyo katika punje huanza kugeuka wanga mara tu yanapovunjwa, na joto huharakisha mabadiliko hayo, kiasi kwamba mahindi matamu yaliyovunjwa alfajiri na kupikwa mchana hayafanani hata kidogo na yale yaliyokaa juani siku mbili. Njegere mbichi nazo hupungua utamu kwa namna hiyo hiyo.

Sababu ya pili ni aina ya mbegu. Mkulima anayesafirisha mazao mbali hulazimika kuchagua aina zenye ganda gumu zinazovumilia makreti na barabara, na pengine kuyachuma kabla hayajakomaa sawasawa. Anayeuza karibu na shamba lake anaweza kulima aina laini na yenye juisi, ambayo isingefika salama umbali wa siku tatu. Kwa hiyo ninapoulizwa ni kitu gani cha pekee katika soko la wakulima, hutaja muda tangu kuvunwa kabla ya jambo lingine lolote, kwa kuwa mengi mazuri yanayosemwa kuhusu masoko haya yanatokana nao.

Je, tunda lililochumwa bichi litaiva nyumbani?

Inategemea ni tunda gani, na hapa Kiswahili kinatusaidia, kwa sababu kinatofautisha kukomaa na kuiva. Tunda lililokomaa limemaliza kukua mtini. Tunda lililoiva limelainika, limebadilika rangi na kupata harufu. Ndizi, maembe, mapapai, maparachichi, mapera, matofaa na nyanya zikichumwa zikiwa zimekomaa huiva baadaye bila shida. Parachichi hata haliivi likiwa mtini. Huanza kulainika baada ya kuchumwa. Lakini machungwa, malimau, zabibu, mananasi, matikiti maji na stroberi haziongezi utamu baada ya kuvunwa. Nanasi litabadilika rangi na kulainika kwenye meza yako, lakini sukari yake imeishia pale lilipokatwa shambani.

Kinachotenganisha makundi haya mawili ni mwitikio wao kwa gesi iitwayo etilini. Mwaka 1901, Dimitry Neljubow wa Urusi alibaini kwamba etilini iliyomo katika gesi ya taa ndiyo iliyokuwa ikiharibu ukuaji wa miche, na mwaka 1934 Mwingereza Richard Gane akathibitisha kwamba matofaa yenyewe huzalisha gesi hiyo. Wazee waliovundika ndizi kwa kuzifunika mahali penye joto walikuwa wakiikusanya gesi hiyo karne nyingi kabla haijapewa jina. Nawe unaweza kufanya vivyo hivyo: weka parachichi gumu ndani ya mfuko wa karatasi pamoja na ndizi iliyoiva, ufunge mdomo wake, na uangalie kila siku.

Kwa vitendo, nunua matunda ya kundi la kwanza katika viwango tofauti vya kuiva ili yasiive yote siku moja, na ya kundi la pili uyanunue tu yakiwa tayari kuliwa.

Nifike sokoni wakati gani?

Mapema, kama unataka mboga za majani, mahindi mabichi na matunda laini, kwa kuwa hivyo ndivyo vinavyoathirika haraka na joto. Karibu na wakati wa kufunga, kama unanunua nyingi za kupika au kukausha na hujali kuchagua, kwa sababu mkulima hapendi kurudi na mzigo. Siku ya mvua isikukatishe tamaa: wanunuzi huwa wachache, na utapata nafasi ya kuzungumza.

Nitajuaje kwamba anayeniuzia ndiye aliyelima?

Muulize, kwa adabu na bila kumhoji kama mshukiwa. Maswali matatu yanatosha: zao hili limevunwa lini, ni aina gani ya mbegu, na ni nini kitakachokuwa tayari wiki zijazo. Mtu aliyelima hujibu hilo la tatu kwa urahisi na mara nyingi kwa furaha, kwa sababu analiona shamba lake kila siku. Mchuuzi aliyenunua kwa jumla usiku uliopita hawezi kujua. Angalia pia alichonacho mezani. Mkulima mmoja huwa na mazao ya msimu mmoja, mengine makubwa na mengine madogo, pengine yenye udongo bado. Meza yenye kila tunda la kila msimu, yote ya ukubwa mmoja, imetoka kwa muuzaji wa jumla.

Sisemi kwamba mchuuzi ni mtu mbaya. Anafanya kazi halali na yenye jasho, na bila yeye mazao ya mashamba ya mbali yasingemfikia mtu yeyote. Kosa ni kuuza mazao ya mbali kwa jina la mazao ya karibu, na masoko mengi ya wakulima yana kanuni zinazokataza hilo. Kamati ya soko ndiyo ya kuulizwa kanuni hizo zinasemaje.

Nichague vipi bila kuyaharibu mazao ya watu?

Tumia macho na pua kwanza, mikono mwishoni. Kubonyeza ndiyo tabia inayowaumiza wakulima kuliko zote: kila kidole kinachozama kwenye embe au parachichi huacha jeraha ambalo halionekani siku hiyo, bali hugeuka doa jeusi kesho yake mikononi mwa mnunuzi mwingine. Shika tunda kwenye kiganja na ulipime uzito. Lililo zito kuliko ukubwa wake lina maji mengi. Nusa upande wa kikonyo, kwani ndipo harufu ya kuiva hutokea kwanza.

Mboga za majani hupimwa kwa mahali zilipokatwa: mkato wenye unyevu na rangi hai ni wa leo, uliokauka na kuwa kahawia ni wa juzi, hata kama majani yamenyunyiziwa maji yakang'aa. Maharagwe mabichi ya maganda yavunjike kwa sauti, na bamia ivunjike nchani badala ya kupinda. Tikiti maji lina doa pale lilipolalia ardhi. Doa la manjano huonyesha kwamba lilikaa shambani mpaka likakomaa, na jeupe huonyesha kwamba liliharakishwa. Biringanya iwe na ngozi inayong'aa, kwa maana ikififia mbegu zimeshakuwa ngumu na chungu. Viazi mviringo vyenye rangi ya kijani uviache kabisa, kwa sababu rangi hiyo ni ishara kwamba vimepigwa na mwanga, na mwanga huo huo huongeza sumu ya solanini.

Ukishindwa kuamua, mwombe mkulima akuchagulie na umwambie utakula lini. "La leo jioni" na "la keshokutwa" ni maagizo anayoyaelewa vizuri sana.

Vipi kuhusu mazao yaliyopinda au yenye makovu?

Yanunue. Karoti yenye miguu miwili ilikutana na jiwe ardhini, na kovu kavu kwenye ngozi ya chungwa limetokana na tawi lililokuwa likisuguana nalo, ladha haijaguswa. Kinachopaswa kukataliwa ni jeraha lililo wazi, ukungu, na sehemu iliyolainika kwa kuoza.

Je, mazao ya soko la wakulima hayana viuatilifu?

Hapana, huwezi kudhani hivyo. Soko la wakulima linakuambia nani kauza. Halikuambii alilima vipi. Wapo wanaonyunyizia dawa za viwandani, wapo wa kilimo hai wenye cheti, na wapo wengi wasiotumia dawa ila hawana uwezo wa kulipia ukaguzi wa cheti. Kwa ajili ya hawa wa mwisho kuna mifumo shirikishi ya uhakiki, ambapo wakulima na wanunuzi hukagua mashamba kwa pamoja, na Shirikisho la Kimataifa la Vuguvugu la Kilimo Hai, IFOAM, lililoanzishwa nchini Ufaransa mwaka 1972, linaitambua mifumo hiyo.

Swali lenye manufaa zaidi kuliko "unatumia dawa?" ni "unasubiri siku ngapi kati ya kunyunyizia na kuvuna?" Kila kiuatilifu kilichosajiliwa kina kipindi chake cha kusubiri kilichoandikwa kwenye lebo, na mkulima anayekifahamu na kukiheshimu anakulinda. Mkulima wa kilimo hai pia anaweza kutumia viuatilifu vya asili vilivyoruhusiwa, kwa hiyo neno hilo lisichukuliwe kuwa na maana ya kutonyunyizia chochote.

Je, yana virutubisho zaidi?

Baadhi, na kwa muda. Vitamini C na folati hupungua kadiri mboga inavyokaa, hasa mboga za majani zilizo kwenye joto na mwanga, kwa hiyo mchicha wa leo una nafuu kuliko wa wiki iliyopita. Madini na nyuzinyuzi hazibadiliki kwa kukaa. Ni haki kusema pia kwamba mboga iliyogandishwa saa chache baada ya kuvunwa inaweza kuwa na vitamini C nyingi kuliko ile inayoitwa mbichi lakini imekaa siku nyingi njiani na dukani.

Shirika la Afya Duniani linapendekeza angalau gramu 400 za matunda na mboga kwa siku, bila kuhesabu viazi na vyakula vingine vya mizizi vyenye wanga. Kwa uzoefu wangu, ladha hufanya kazi hiyo kuliko ushauri: watu hula mboga nyingi pale mboga zinapokuwa tamu.

Nioshe vipi nilivyonunua?

Kwa maji safi yanayotiririka, muda mfupi kabla ya kula au kupika. Usitumie sabuni, kwa kuwa ngozi za mazao mengi zina vinyweleo vinavyoinyonya. Osha hata tunda utakalolimenya, maana kisu husukuma uchafu wa ganda mpaka ndani ya nyama. Kuosha kila kitu mara tu unapofika nyumbani kunaonekana kuwa bidii njema, lakini unyevu unaobaki huharakisha kuoza. Ukilazimika, kausha vizuri kabla ya kuhifadhi.

Nihifadhi nini kwenye jokofu, na nini nje?

Hapa ndipo mazao mazuri huharibiwa na watu wenye nia njema. Jokofu lenye nyuzi joto 4 za Selsiasi linazifaa mboga za majani, karoti, kabichi, maharagwe mabichi na njegere. Mboga za majani zifungwe kwa kitambaa chenye unyevu kidogo, na karoti zikatwe majani yake kwanza, kwa sababu majani huendelea kunyonya maji kutoka kwenye mzizi mpaka unalegea.

Nyanya zibaki nje. Chini ya takriban nyuzi 12 huacha kuiva na kupoteza zile kemikali nyepesi zinazozipa harufu, ndiyo maana nyanya ya jokofuni huwa na rangi nzuri na ladha ya maji. Ndizi hugeuka nyeusi ganda kwenye baridi, na embe lisiloiva likiwekwa huko huenda lisiive sawasawa tena. Maparachichi na maembe yaiveshwe nje kwanza, kisha yaingizwe kwenye baridi ili yasubiri siku mbili tatu.

Viazi vikae gizani mahali penye ubaridi wa kawaida na hewa. Kwenye jokofu wanga wake hugeuka sukari, na vikikaangwa huungua rangi kabla ya kuiva ndani. Vitunguu navyo vinahitaji hewa na ukavu, na visilazwe pamoja na viazi, kwa sababu unyevu wa viazi huviozesha. Mboga za majani zitengwe na ndizi na matofaa yanayoiva, kwa kuwa etilini huzifanya zigeuke manjano. Na mboga iliyonyauka kwa joto la njiani usiitupe. Ilaze kwenye maji baridi kwa nusu saa, nayo mara nyingi itasimama tena.

Ninunue kiasi gani?

Cha siku mbili au tatu kwa vitu laini, na zaidi kwa mizizi na vitunguu. Wingi wa msimu unashawishi, na mkono hujaza kikapu kuliko jiko linavyoweza. Kwa mujibu wa Shirika la Mazingira la Umoja wa Mataifa, katika mwaka 2022 dunia ilitupa tani bilioni 1.05 za chakula katika nyumba, migahawa na maduka, sawa na asilimia 19 ya chakula kilichowafikia wanunuzi, na sehemu kubwa zaidi ilitupwa majumbani. Ushauri wangu ni kwenda sokoni bila orodha ya mapishi, bali na idadi ya milo. Chagua kilicho bora siku hiyo, kisha mlo upangwe kukifuata. Anayekwenda na mapishi yaliyokwisha kuamuliwa huishia kununua zao lisilo la msimu kwa sababu tu liliandikwa.

Msimu ukifurika, nitunze vipi ziada?

Kukausha ndiyo njia nyepesi: vipande vyembamba, hewa inayopita, na kinga dhidi ya vumbi na wadudu. Mboga za majani hukaushwa vizuri zaidi kivulini, kwa sababu jua kali huunguza vitamini na rangi. Kugandisha kunahitaji kwanza mboga zitumbukizwe kwenye maji yanayochemka kwa dakika moja au mbili na kisha kwenye maji ya baridi kali, ili vimeng'enya vinavyoharibu ladha visitishwe.

Kuhifadhi kwenye chupa kunahitaji tahadhari ya kweli. Mfaransa Nicolas Appert alizawadiwa faranga 12,000 na serikali yake mwaka 1810 kwa kugundua kwamba chakula kilichofungwa chupani na kuchemshwa hakiozi, ingawa sababu yake ilikuja kueleweka miaka mingi baadaye. Matunda yenye ukali wa asidi, jamu na achari za siki huhifadhika hivyo kwa usalama. Maharagwe, mahindi na mboga zisizo na ukali hazihifadhiki kwa kuchemsha tu, kwa kuwa mbegu za bakteria wa botulizimu, sumu ya chakula inayoweza kuua, huvumilia nyuzi 100. Zinahitaji chungu cha presha kinachofikia nyuzi 121. Kama huna chombo hicho na maelekezo yake, gandisha au kausha.

Na nafaka, karanga, maziwa, mayai na asali?

Kwa nafaka na karanga, hofu kubwa ni sumukuvu, ambayo ilianza kutambuliwa baada ya zaidi ya bata mzinga 100,000 kufa nchini Uingereza mwaka 1960 kwa kula mashudu ya karanga yaliyochafuliwa. Sumu hiyo haiondoki kwa mapishi ya kawaida. Nunua zilizokauka kabisa, na uzitenge zilizosinyaa, zilizobadilika rangi, zilizovunjika au zenye ukungu. Usizisage ili kuficha kasoro.

Maziwa mabichi yachemshwe hata kama unamfahamu ng'ombe mwenyewe. Viwandani hutosha kuyafikisha nyuzi 72 kwa sekunde 15, lakini nyumbani bila kipimajoto subiri yachemke. Yai likizama na kulala kwenye bakuli la maji ni jipya. Likisimama limezeeka kidogo. Likielea, nafasi ya hewa ndani yake imekua sana, na ni busara kuliacha. Asali kuganda chengachenga si dalili kwamba imechakachuliwa. Kuganda ni tabia yake ya asili, na ukiiweka chupa kwenye maji ya uvuguvugu itayeyuka. Mtoto aliye chini ya miezi 12 asipewe asali kabisa, iwe mbichi au iliyopikwa, kwa sababu ya hatari ya botulizimu.

Je, ninaweza kupanda mbegu za tunda nililolipenda?

Unaweza kujaribu, na ni furaha kubwa inapofaulu. Ila mbegu za mahuluti, yaani za aina mbili zilizochanganywa, hazizai zao linalofanana na mzazi, na mparachichi unaoota kutoka kokwa kwa kawaida hutoa matunda tofauti, ndiyo maana wakulima huubebesha kitawi cha aina wanayoitaka. Nyanya na maharagwe ya mbegu za asili, kwa upande mwingine, hurudia sura na ladha yake mwaka baada ya mwaka. Muulize mkulima jina la aina hiyo na kama yeye mwenyewe hutunza mbegu zake. Akisema ndiyo, mwombe akuachie tunda moja lililokomaa kupita kiasi cha kuliwa, kwani hilo ndilo lenye mbegu zilizojaa.